Nimeacha tokeni ya LUKU inichagulie pa kwenda, kumbe Dar yenyewe siijui (uzi mrefu)

Jongoo wa Kimanga (mleta uzi)

Habari za wikiendi wakuu. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma aishie hapa asije kunitukana huko mbele.

Iko hivi. Naishi Tabata Kimanga, huu mwaka wa kumi na moja. Mwezi uliopita nilipata mgeni kutoka Iringa, shemeji yangu, tumekaa barazani jioni akanyoosha kidole akaniuliza shemeji hivi huko nyuma ya zile nyumba kuna nini? Nikakosa jibu. Sijawahi kwenda! Miaka kumi na moja naijua barabara ya daladala, naijua Kariakoo ninapohangaikia mkate, njia ya kanisani, na baa mbili ambazo moja imeshafungwa. Mkoa mzima una kilomita za mraba 1,393 na sensa ya 2022 ilitukuta watu milioni 5.38, halafu ukichora kwenye ramani sehemu zote nilizokanyaga mimi unapata kamstari kamoja kama waya wa umeme, kulia giza kushoto giza.

Sasa usiku ule umeme ukakata, nikanunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya buku tano, nimeshika simu naingiza zile tarakimu ishirini kwenye mita ndo wazo likaja. Hizi namba hakuna aliyezichagua kwa ajili yangu. Kwa nini zisinipeleke mahali?

Nikatengeneza utaratibu. Tokeni naigawa tatu tatu. Tatu za kwanza ndo uelekeo wa dira kuanzia mlangoni kwangu, sifuri ni kaskazini, 90 mashariki, mpaka 359. Zikizidi 359 naziruka nachukua tatu zinazofuata. Nikishapata uelekeo, tatu zinazofuata zinakuwa umbali, yaani 605 inakuwa 0.605 nazidisha kwa kilomita nne maana zaidi ya hapo miguu yangu haitaki. Naweka nukta kwenye ramani ya simu, Jumamosi asubuhi naenda kwa miguu mpaka nukta ilipo, hata kama ni chooni kwa mtu nafika karibu kadiri inavyowezekana.

Mfano, ya kwanza ilianza 7431 1860 52. 743 naruka, 118 uelekeo, 605 umbali. Ikaniangusha Vingunguti.

Nawasilisha kipande cha kwanza, nakuja na safari yenyewe, ngoja nikanywe chai.

Nyundo ya Chuma

Nchi hii watu mna muda aisee.

Kijana wa Relini

Siti ya mbele. Ila mkuu usipost tokeni hadharani wahuni watatumia umeme wako

Jongoo wa Kimanga

@Kijana wa Relini nimeshaiingiza ndugu, na hata ningekuwa sijaiingiza tokeni inakubali mita moja tu iliyonunuliwa, wewe ukiiweka kwako itakukatalia. Kula usingizi.

Haya safari ya Vingunguti. Kwenye ramani ni kama kilomita mbili na nusu, nikasema hii saa moja narudi. Ndugu zangu, ramani haikuniambia kwamba kati yangu na Vingunguti kuna bonde la Msimbazi. Mimi huo mto nauonaga Jangwani kwenye taarifa ya habari mvua zikinyesha, basi. Sikujua kama unapita jirani yangu. Nimeshuka huko chini nikakuta dunia nyingine kabisa, kuna matuta ya mchicha na matembele yamepangwa kama shamba la kijijini, kuna vijana wanachota mchanga mtoni wanaupandisha kwa viroba, na kuna daraja la mbao ambalo mwenye nalo kakaa pembeni na kopo, unapita unaacha mia mbili. Nikamuuliza mvua zikija daraja linakuwaje, akanijibu "linakwenda baharini tunajenga lingine". Kasema kama mtu anayeelezea kunyoa ndevu.

Na ile mbogamboga ninayonunua kwenye genge la nje ya nyumba yangu kila jioni inatoka pale, mama wa genge nilimkuta pale pale bondeni anafunga mafungu. Akanitazama akasema leo umepotea? Nikamwambia hapana nimekuja kwa makusudi. Mpaka leo ananiangalia vibaya.

Nikapanda upande wa pili. Nukta yenyewe ikawa uani kwa mama mmoja, kati ya kamba ya nguo na tenki la maji. Nikapiga hodi.

Shikamoo mama. Marahaba. Kimya. Kaniangalia mkoba, kaniangalia viatu. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Baba, wewe ni wa kausha damu?"

Yaani hawa wa mikopo ya riba kubwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia mama mimi sidai mtu, nimeletwa na LUKU. Hapo ndo nikaharibu zaidi maana akadhani nimekuja kukagua mita. Ilinichukua robo saa kueleza, mwisho wa siku kanipa kigoda na maji ya kunywa, akaita wajukuu waje wamwone "mjomba anayetembea kwa hesabu". Tumeongea saa nzima, habari za machinjio, za mnada wa mbuzi, bei ya utumbo. Wakati naaga ananiambia mtu mzima kutembea bila shughuli ni jambo zuri ila uwe unabeba hata mwavuli, watu wajue una akili.

Mwl Kipeuo

Mleta uzi nimependa lakini hesabu yako ina kasoro, na kama nukta zako nyingi zinaangukia karibu na nyumbani basi sababu ndo hii. Ukichukua umbali moja kwa moja hivyo, nusu ya safari zako zote zitakuwa ndani ya kilomita mbili za kwanza. Lakini duara la kilomita mbili ni robo tu ya eneo la duara la kilomita nne. Kwa hiyo robo ya ardhi inapata nusu ya nukta, na robo tatu iliyobaki inagawana nusu nyingine. Dawa ni ndogo, kabla ya kuzidisha tafuta kipeuo cha pili. Ile 0.605 yako kipeuo chake ni kama 0.778, mara nne ni kilomita 3.1 siyo 2.4. Fanya hivyo nukta zitasambaa sawasawa.

Halafu lile la kuruka zinazozidi 359 umelifanya vizuri bila kufundishwa. Wengi wangetoa 360 mpaka ibaki namba ndogo, na hapo uelekeo wa 0 mpaka 279 ungepata bahati mara tatu huku 280 mpaka 359 ukipata mara mbili tu. Piga hesabu mwenyewe utaona.

Jongoo wa Kimanga

Mwalimu ungenifundisha wewe fomu two nisingekuwa nauza vitenge. Nabadilisha kuanzia leo. Na ni kweli, katika safari sita nne zilikuwa hapa hapa Tabata, nikawa nadhani LUKU inanionea huruma.

Nyundo ya Chuma

Kipeuo cha pili ili uende Vingunguti 😂😂😂

Kayto wa Kayole

Niaje wasee wa Bongo. Hii kitu hapa Nai tuliicheza 2020 wakati wa kafyu, kulikuwa na apu inaitwa Randonautica, ilitoka mwaka huo huo na ikashika TikTok vibaya sana. Wewe unaipa lokesheni yako, inakuambia fikiria kitu unatafuta, unaita ni nia yako, halafu inakupatia pointi karibu na wewe. Mimi nikafikiria pesa, ikanipeleka kwa esteti moja ya matajiri, siitaji. Soja wa geti anauliza unaenda nyumba namba ngapi. Nimwambie nini? Mimi niko na latitudo! Nikamuonyesha simu, akaangalia, akaita mwenzake, wakaangalia wote wawili, akaniambia kijana hii ni bafu ya mdosi. Nikarudi stage nikapanda mat nikaenda zangu.

Ile apu ilikuwa na stori za kuogopesha pia. Juni 2020 kuna vijana wa Seattle huko Marekani ilitupa pointi yao ufukweni wakakuta begi, ndani ni mabaki ya watu, wakaita polisi. Hiyo si stori ya kijiwe, ilitangazwa kwa habari dunia nzima. Mimi nikafuta apu siku hiyo hiyo.

Mtu wa Visiki

Mnaona sasa. Hizo namba zina wenyewe. Unafikiria kitu halafu namba inakupeleka, hiyo ni nini kama si majini? Endeleeni kucheza.

Mwl Kipeuo

@Mtu wa Visiki hapana ndugu yangu. Mamilioni ya watu walikuwa wanatembea sehemu wasizowahi kufika, na sehemu yenyewe wanaikagua kila kona kwa sababu wameambiwa kuna kitu. Wote hao wasingekuta kitu cha ajabu hata kimoja ndo ningeshangaa. Waliokuta jalala na paka hawakupost. Na hilo la nia kuvuta namba halina uthibitisho wowote, ni viungo vya kuuzia apu. Uzuri wa tokeni ya LUKU ni kwamba haijui unafikiria nini, imesimbwa kwa ajili ya mita.

Mtu wa Visiki

Sawa mwalimu. Ila mimi siendi.

Dadaake Tunu

Nyie wanaume mnaongea kirahisi rahisi, "nikapiga hodi nikakaribishwa". Mimi nimejaribu hii tangu nisome sehemu ya kwanza, niko Mbagala, na naomba niseme ya upande wetu. Mwanamke peke yake amesimama kwenye kichochoro anaangalia simu anazungukazunguka, kwanza simu inaondoka, pili anafuatwa, tatu wake za watu wanatoka nje kuuliza unamtafuta nani. Hayo yote mleta uzi hayajamkuta.

Kwa hiyo mimi na wifi yangu tumeweka sheria zetu. Tunakwenda wawili, asubuhi saa mbili mpaka saa tano, siyo jioni. Simu tunaiangalia tukiwa dukani tunanunua maji, tunakariri, tunaiweka ndani, tukipotea tunauliza tena kwenye duka lingine. Na tunabeba kikapu. Hii ya kikapu ndo siri kubwa, mwanamke mwenye kikapu anakwenda sokoni hata kama soko halipo, hakuna anayemuuliza. Tukifika karibu na nukta tunanunua kitu genge la pale, nyanya za jero, hapo ndo maongezi yanaanza yenyewe.

Safari yetu ya pili tulikuta kiwanja cha shule watoto wanacheza rede nje, wifi akavua ndala akaingia! Ana miaka 41. Alipigwa mpira wa kwanza tu akatolewa lakini hajaacha kulisema hilo mpaka leo.

Jongoo wa Kimanga

Dada Tunu umenifungua macho, ile robo saa ya uani kwa yule mama ingekuwa nyingine kabisa. Kikapu nakichukua hata mimi.

Naongeza na ya kwangu. Kuna mtaa mmoja, nisiutaje, ulinzi shirikishi walinikalisha chini saa nzima kisa nilipiga picha mti. Mti wenyewe ulikuwa na nyumba ya mkubwa fulani nyuma yake. Walikuwa wakali mwanzoni, tukaishia kuagana wanataka niwahesabie tokeni zao, lakini tangu siku hiyo sipigi picha mpaka niwe nimesalimia. Nikiona sehemu ina utata naanzia kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, nasema jina langu na ninapoishi. Nukta ikiangukia eneo la jeshi, reli au mitambo ya umeme naachana nayo, hata nisisogee uzio, nachukua tarakimu tatu zinazofuata. Za namna hiyo nimeziruka mara mbili.

Jiwe la Igogo

Mwanza tuna shida yetu. Nukta inasema mita 80 mbele, unanyanyua macho, mita 80 mbele ni juu ya jiwe lenye ukubwa wa ghorofa na juu ya jiwe kuna nyumba ina taa inawaka. Njia ya kupanda anaijua mwenye nyumba na mbuzi wake. Na nusu ya nukta zangu ziko ziwani.

Bi Karafuu

Hamjambo humu. Mie nipo Unguja, Ng'ambo. Nyie mwasema mwasema ziwani, mie nikiweka kilomita nne basi upande mzima ni bahari, siku tatu mfululizo nimetupwa majini kama nanga. Ya nne ikanipeleka mitaa ya nyuma ya Michenzani, kwenye yale majumba marefu, na wallahi nimezaliwa hapa na nimepita chini yake maisha yangu yote, sijapatapo kupanda juu. Bibi mmoja ghorofa ya tano kaniona nimesimama kama mgonjwa, akanambia njoo juu mwanangu. Nikapewa urojo. Nikaonyeshwa mji kutoka dirishani kwake, mapaa ya mabati mekundu kwa kutu mpaka baharini. Urojo ulikuwa na chumvi nyingi, lakini hilo si la kusema.

Gredi ya Tisa

Nimesoma yote. Kwa wanaotaka mchezo uliokomaa zaidi ya LUKU upo, unaitwa geohashing, ulitoka kwenye katuni moja ya mtandaoni mwaka 2008 halafu watu wakauchukua kweli kweli. Wanachukua tarehe ya siku hiyo na bei ya kufungulia ya Dow Jones, ile ya soko la hisa la New York, wanavisaga kwa kanuni ya kompyuta inayoitwa MD5, zinatoka namba mbili za desimali. Hizo desimali unazibandika nyuma ya nyuzi (digrii) zako za ramani. Kwa hiyo siku moja kila kisanduku cha nyuzi moja kwa nyuzi moja kina nukta yake, na sisi huku tunatumia bei ya siku iliyotangulia kwa sababu New York inafungua sisi jua linazama, saa kumi na nusu au kumi na moja na nusu jioni kutegemea na majira yao. Ijumaa jioni ukishapata bei unajua Jumamosi unakwenda wapi, na hakuna awezaye kudanganya maana hakuna anayejua bei ya kesho.

Nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo siyo ya kwenda na ndala.

Sasa kichekesho. Kisanduku cha Dar ni -6, 39. Kinaanzia nyuzi 6 mpaka 7 kusini, 39 mpaka 40 mashariki. Humo ndani una Dar, una sehemu kubwa ya Unguja, na kilichobaki karibu chote ni maji, Mbudya na Bongoyo zikiwa vitone. Nimefuatilia miezi miwili, Wall Street imenipeleka bahari kuu mara nyingi kuliko mvuvi wa Kigamboni. Mara moja tu ikatua nchi kavu ninapoweza kufika, shamba la mihogo huko Chanika, mwenye shamba akaniuliza nani kakutuma nikamwambia soko la hisa, akanifukuza.

Kayto wa Kayole

"nikamwambia soko la hisa" nimekufa 😭

Gredi ya Tisa

Kuna na ule mwingine wa tangu 1996, watu wanakwenda kwenye makutano ya nyuzi kamili, pale namba zote zinapokuwa sifuri nyuma. Huo siyo wa bahati nasibu lakini raha yake ni ile ile, mahali pamechaguliwa na hesabu. Ya karibu yetu ni 7 kusini 39 mashariki, upande wa Kisarawe. Nilikwenda na boda. Mikorosho, kimya, njia ya mguu. Unasogea hatua moja simu inaonyesha 39.00001, unarudi inaonyesha 38.99999, unacheza kiduku peke yako porini kutafuta sifuri. Boda akazima pikipiki akaniuliza kaka uko sawa?

Nyundo ya Chuma

Swali la kweli sasa siyo matani. Mnapata nini? Mimi nikitembea kilomita tatu nataka nikifika kuwe na kitu.

Jongoo wa Kimanga

@Nyundo swali zuri. Ngoja nikupe safari ya nne, niliibania makusudi.

Nukta iliangukia Tabata hapa hapa, maeneo ya Dampo. Nilisikitika, nikasema Dampo kuna nini, nimeshashuka Dampo mara elfu. "Konda Dampo shusha!" nimelisema hilo neno miaka kumi na moja. Nikaenda tu ili nisivunje sheria yangu. Nukta ikawa hatua chache kutoka kijiwe cha kahawa, wazee watano na bao, nikakaa nikaagiza kahawa na kashata. Mzee mmoja akaniuliza natafuta nini nikamweleza mambo ya tokeni. Akanyamaza kidogo akasema, "Basi imekuleta pazuri. Unajua umekalia nini? Umekalia taka za jiji zima."

Mimi sikuelewa. Dampo! Jamani, DAMPO. Miaka kumi na moja nalitamka sijawahi kujiuliza kwa nini kituo kinaitwa dampo wakati hakuna dampo. Mzee akasema malori yalikuwa yanakuja mchana na usiku, takataka zinachomwa, moshi unaingia ndani watoto wanakohoa, nzi mpaka unakula umefunika sahani kwa kanga. Anasema walilalamika wee wakachoka wakaenda mahakamani, wananchi wa kawaida wakaishitaki halmashauri ya jiji, na wakashinda. Nikadhani ni porojo za kijiwe, wazee si unawajua.

Wakili wa Kitaa

Mkuu huyo mzee hajakudanganya hata kidogo. Ile ni kesi ya 1988 Mahakama Kuu, na sisi tuliosoma sheria tumeikuta darasani, maana ni moja ya kesi za mwanzo kabisa hapa nchini ambapo mazingira machafu yaligusa haki ya kuishi, Ibara ya 14 ya Katiba. Jiji lilikwenda kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga pale, jaji akakataa. Wakahamishia taka Kunduchi Mtongani, wananchi wa kule nao wakashitaki mwaka 1991, nao wakashinda! Baada ya hapo zikaenda Vingunguti, halafu Mtoni, mwisho ndo huko Pugu Kinyamwezi. Nimeisoma hiyo kesi mara sijui ngapi, nikaifanyia mtihani nikapata B, na nilikuwa nimepanga Tabata Bima kipindi hicho hicho. Sikuwahi kuunganisha na kituo cha daladala. Umenitia aibu.

Jongoo wa Kimanga

Kwa hiyo nukta yangu ya kwanza Vingunguti na ya nne Dampo, taka zilipita njia hiyo hiyo kabla yangu 😂 Mama wa Vingunguti hakuniambia, nikirudi nitamuuliza.

Na tangu siku hiyo majina yote ya vituo yananikaa kichwani kama deni. Mabibo, kumbe ni mabibo yale yale ya mkorosho. Mikocheni nimeambiwa ni mikoche. Juzi nimeingia kichochoro kimoja Segerea kina kibao kizuri cha anwani za makazi, vile walivyoweka 2022, kimeandikwa jina la mtaa safi kabisa. Nikawauliza watu saba wanaoishi pale, hakuna hata mmoja analijua, wote wanasema "hapa kwa Mama Pili". Mama Pili mwenyewe alishahama. Sasa sijui ramani imekosea au watu.

Dadaake Tunu

Mama Pili anajua kwamba ni mtaa?

Jongoo wa Kimanga

Namtafuta. Nimeambiwa yuko Kibaha.

Nyundo ya Chuma

Sawa. Nimenunua LUKU leo. Niko Kimara Baruti. Imetoka 2047... nyuzi 204 hiyo ni kusini si ndiyo? Halafu nafanyaje tena kile kipeuo?

Mwl Kipeuo

Karibu darasani Nyundo 😂. Kalkuleta ya simu ukiilaza ina kile kialama cha mzizi. 204 ni kusini ukikunja kidogo magharibi. Vaa raba, huko kuna mabonde.

Nyundo ya Chuma

Naenda mara moja tu kuwaonyesha hakuna kitu.

Nyundo ya Chuma

Mrejesho. Nimekuta fundi anatengeneza redio za kaseti. Fundi wa redio za kaseti, mwaka huu! Kibanda kimejaa mpaka mlangoni, na wateja anao. Marehemu baba aliacha redio nyumbani Singida mama kaifunika kwa kitambaa, haijaongea tangu 2009. Fundi kanitajia kifaa kilichokufa kabla sijamaliza kueleza. Nimechukua namba yake. Msiniulize mengine.

Kayto wa Kayole

Nyundo amepatikana 😂😂

Jongoo wa Kimanga

Sitii neno.

Mrejesho wa mwisho kwa leo halafu naenda kulala. Yule mama wa Vingunguti nilimwachia namba ya simu siku ile. Jioni hii saa moja nimepokea meseji, sikuelewa, nikadhani wahuni wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tarakimu ishirini tupu, chini yake kaandika "baba hii yangu inaelekea wapi".

Nimepiga hesabu kuanzia uani kwake pale kwenye tenki. 015 uelekeo, 870 umbali, kipeuo, mara nne, kilomita 3.7. Inaangukia Kigogo, bondeni kabisa karibu na mto. Nikampigia nikamwambia mama ni mbali na ni bondeni, tuchukue tatu zinazofuata. Akanikatalia. Kasema namba ni namba, kwa nini yeye abadilishiwe. Kigogo hana ndugu, hajawahi kushuka pale, amepita tu ndani ya daladala. Jumamosi saa mbili nimkute kituoni, wajukuu wawili wanakuja, na mwavuli nibebe mimi.

Dadaake Tunu

Mimi na wifi tunakuja. Kituo gani?

Jongoo wa Kimanga

Vingunguti machinjioni. Kikapu usisahau.